Saluni iliyotumika au pikapu? Nina pesa ya gari moja tu

Bomba_Sita (mwanzisha uzi)

Wakuu, heshima kwenu. Nimekuwa msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu, leo njia panda ni yangu mwenyewe.

Mimi ni fundi bomba. Nimejiajiri, nina msaidizi mmoja, mke na watoto wawili, mkubwa ana miaka 7 na mdogo 3. Hadi leo usafiri wangu ni pikipiki. Vifaa nafunga nyuma, mabomba analeta mwenye duka au nakodi gari. Nimejibana, sasa nina pesa ya gari moja lililotumika. Moja, si mawili.

Yamebaki mawili. La kwanza ni saluni, Toyota Corolla ya injini 1.5, petroli, otomatiki. La pili ni pikapu ya kebini mbili, dizeli 2.5 yenye tabo, gia za mkono, 4x4. Pikapu imeipita saluni umri kwa miaka mitano, maana kwa pesa ileile pikapu unaipata iliyochoka zaidi.

Moyo wangu uko kwenye pikapu. Mke wangu anasema moyo haujawahi kulipia mafuta.

Semeni ukweli, msinionee haya.

Kamba_Ngumu

Pikapu. Uzi ufungwe.

Hesabu_Kwanza

@Kamba_Ngumu wewe hata ukiulizwa saa ngapi utajibu pikapu.

Mzee_wa_Klachi

Usifungwe bado.

Bomba_Sita, nimelala chini ya magari ya aina zote mbili miaka mingi, acha nikueleze yanavyoonekana ukiwa huko chini. Saluni haina chesesi. Bodi lenyewe ndilo mifupa: sakafu, nguzo za milango na paa vimechomelewa vikawa kitu kimoja. Pikapu ina chesesi ya umbo la ngazi, mihimili miwili mirefu na mingine ya kukatiza. Kebini imekalishwa juu yake kwa raba, na bodi la mzigo limefungwa kivyake kwa bolti. Ndiyo maana kati ya kebini na bodi kuna mwanya unaoweza kupitisha mkono.

Nyuma ya pikapu kuna springi za majani, vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Vimekusudiwa kubeba kama tani moja. Usipovipa mzigo vinakusumbua wewe. Gari tupu linaruka kwenye kila tuta, mkia unakuwa mwepesi, na kwenye kona yenye utelezi nyuma inataka kutangulia mbele. Nimeona watu wamenunua uwezo wa tani moja wakawa wanabebea begi la kompyuta, halafu wanakuja gereji kulalamika kwamba gari ni gumu. Gari si gumu, lina njaa.

Sasa nikuulize. Unabeba nini hasa, kilo ngapi, mara ngapi kwa mwezi? Usinijibu leo, maana leo utajibu kwa moyo. Tafuta daftari. Siku 30 andika kila safari: ulikokwenda, kilomita, nani alikuwepo, mzigo gani. Kama kuna mizani karibu, pima. Ukirudi na daftari tutazungumza.

Kamba_Ngumu

Mzee shikamoo. Sijabisha kwa ushabiki tu, nina sababu. Fundi mwenye gari la kazi anaaminiwa na wateja kabla hajashika spana. Pikapu ya dizeli ikitunzwa inakaa. Na ukiuza, bei haianguki kama ya saluni, kwa sababu wanunuzi wa gari la kazi hawaishi. Mabomba je? Bomba la futi 20 atalipitisha wapi kwenye saluni, dirishani?

Nusu_Tani

Hapo kwenye mabomba tusidanganyane. Futi 20 ni mita 6. Bodi la pikapu ya kebini mbili lina urefu wa mita 1.5 hivi. Ukililaza humo, mita nne na nusu ziko nje, zinaomba taa nyekundu na kitambaa. Kwa hiyo hata kwenye pikapu bomba linapanda juu ya fremu, linapita juu ya kebini. Juu ni juu tu. Corolla ya kizazi cha mwanzoni mwa miaka ya 2000 ina urefu wa mita 4.4 hivi, bomba linaizidi kwa mita 1.6, unagawa mbele na nyuma. Pikapu ina kama 5.3, inazidiwa kwa sentimita 70. Pikapu imeshinda, ila si ule ushindi mnaoufikiria.

Saluni inaanguka kwenye uzito wa paa. Mapaa mengi ya saluni yameruhusiwa kati ya kilo 50 na 75, keria yenyewe ikiwemo. Bomba la chuma la inchi 1 lina kilo 14 na ushee kwa urefu huo. Manne umeshakaribia mwisho. Ya plastiki ni hadithi nyingine, unaweza kupakia mzigo mzima na paa lisijue.

Na tukiwa hapohapo kwenye uzito: watu wanadhani bodi likiwa na nafasi, gari lina uwezo. Chukua bodi la mita 1.5 kwa 1.5, kina nusu mita. Hiyo ni zaidi kidogo ya mita moja ya ujazo. Mita ya ujazo ya mchanga ni kama tani 1.6. Ukijaza mchanga usawa wa kingo, umeshazidisha gari la tani moja kwa zaidi ya nusu tani, na hujapandisha abiria hata mmoja. Wengi wanaojaza hivyo wanasifia kwamba gari limevumilia. Siku ya kuuza hawamwambii mnunuzi.

Kiti_cha_Nyuma

Naomba niwasemee watoto, maana naona mabomba yamewekewa hesabu na watoto bado.

Nimekaa kiti cha nyuma cha kebini mbili miaka sita na watoto wawili. Kwenye matoleo ya zamani mgongo wa kile kiti umesimama wima kwa sababu nyuma yake ni ukuta. Mtoto akilala, kichwa kinaanguka mbele. Kiti cha mtoto wa miaka 3 hakikai vizuri kila mahali, kwa hiyo kabla hujalipa chukua kiti chenyewe ukakijaribishe, uone kama mkanda unafika na kama kuna pa kukifunga. Kuna pikapu za zamani ambazo katikati hakuna mkanda wa kupita begani, upo wa kiunoni tu.

Begi la mtoto, nepi, nguo, unaweka wapi? Bodini kuna vumbi na mvua. Utanunua turubai au mfuniko mgumu. Turubai halizuii wizi. Buti la saluni linafungwa kwa ufunguo na habari inaishia hapo.

Na tafadhali, mtu asije kusema watoto wakae bodini nyuma kwa safari fupi. Hakuna kiti, hakuna mkanda, na breki moja ya ghafla inatosha.

Hesabu_Kwanza

Ahsante @Kiti_cha_Nyuma. Mimi nilete lita, bei kila mtu ataweka ya kwake.

Saluni ya 1.5 ikiwa nzima, mjini na barabara kuu ukichanganya, tuseme kilomita 14 kwa lita. Pikapu ya dizeli 2.5 yenye umri, tuseme 10. Kwa kilomita 15,000 za mwaka, saluni inakunywa lita 1,070 hivi, pikapu 1,500. Tofauti ni lita 430. Mahali ambapo dizeli ni nafuu kuliko petroli pengo linapungua, ila halifutiki.

Oili ya injini: saluni hii inachukua chini ya lita 4, pikapu inakaribia 7. Tairi za saluni ni 185 au 195 za rimu 15, zimejaa kila duka. Za pikapu ni pana, nzito, nne zake zinaweza kukununulia seti ya saluni na chenji ikabaki. Injini za saluni za aina hiyo nyingi zina cheni ya taimingi. Dizeli nyingi za 2.5 za umri ule zina beliti yenye kilomita zake za kubadilishwa. Usipojua ilibadilishwa lini, hesabu kwamba haijabadilishwa. Ongeza noseli za dizeli za shinikizo kubwa na tabo, vitu ambavyo petroli ya kawaida haina. Ongeza difu ya mbele, boksi la kugawa nguvu na propela ya pili, kwa sababu ni 4x4. Kila kimoja kina oili yake na sili zake za kuvuja.

Na mkazania 4x4, hebu ahesabu ni siku ngapi anahitaji. Ile ya kuunganisha kwa gia ndogo huruhusiwi hata kuitumia kwenye lami kavu, mitambo inakazana hadi usukani unagoma.

MamaMizinga

Hodi. Kaka zangu mmenikumbusha mbali.

Mimi nina shamba na mizinga ya nyuki, nilianza na saluni. Niliipenda kweli. Nilipakia magunia kwenye buti, mengine kiti cha nyuma, nikawa naendesha taa zikimulika miti badala ya barabara. Mwaka wa pili springi za nyuma zimelala, shokapu zinavuja, egzosi imegonga mawe hadi ikang'oka. Fundi aliniuliza kama gari ni la abiria au la ng'ombe. Nikauza, nikachukua pikapu ya kebini moja, haina hata redio. Hadi leo sijajuta. Ila mimi napakia siku nne au tano za kila wiki, na barabara yangu ya mwisho ni makorongo. Saluni ina sentimita kama 15 kutoka tumboni hadi chini, pikapu yangu ina zaidi ya 20. Hizo tano ndizo nilizolipia.

Kuna kisa nakipenda. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 mke wa mkulima huko Australia aliiandikia kampuni ya Ford barua. Alitaka gari moja tu, la kumpeleka kanisani Jumapili na la kupeleka nguruwe sokoni Jumatatu. Mbunifu kijana, Lewis Bandt, akachukua gari la abiria akaliunganisha na bodi la mzigo, na mwaka 1934 likaanza kutengenezwa. Yule mama alijua Jumapili yake na Jumatatu yake. Kaka Bomba, wewe una Jumatatu ngapi kwa wiki?

Kamba_Ngumu

Dada MamaMizinga umeniteka. Na nikiri jambo moja ambalo wenye pikapu huwa hatulisemi. Tangu niinunue nimehamisha majirani watatu, kabati la shemeji, na jenereta la mtu nisiyemjua vizuri. Wote wanasema watajaza mafuta. Bado nawasubiri.

Bomba_Sita

Nimecheka peke yangu kazini hadi msaidizi kaniuliza kuna nini.

Daftari nimeanza juzi. Lakini sikuweza kujizuia, jana nimekwenda kuitazama ile pikapu. Mzee, nimefanya mtihani wa mfuniko: injini inanguruma, nikafungua mfuniko wa oili nikauweka kichwa chini juu ya tundu lake. Ukacheza kidogo, haukurushwa, dalili kwamba injini haijachoka sana. Moshi wakati wa kuwasha ulikuwa mweusi kiasi, ukaisha.

Sasa chini. Springi za nyuma zina jani moja jipya, rangi yake haifanani na ya mengine. Zile raba za kugonga kati ya ekseli na chesesi zimepondeka, ya kushoto imebaki kisigino tu. Nyuma ya kebini kwenye mhimili wa kulia kuna mstari wa uchomeleaji, umepakwa rangi nyeusi mbichi, kidole kiliondoka nayo. Na kitu kingine sikukielewa. Kuna fimbo nyembamba ya chuma inatoka kwenye ekseli ya nyuma inapanda hadi kwenye kidude cha mabomba ya breki. Imefungwa kwa waya wa kufungia nondo, haichezi. Mwenye gari anasema imekuwa hivyo siku zote na haina madhara.

Mzee_wa_Klachi

Kijana, umeona zaidi ya wanunuzi kumi. Nitaanza na hiyo fimbo.

Kile kidude ni vali ya breki za nyuma inayosoma mzigo. Ukipakia, chesesi inashuka, fimbo inasukumwa, vali inafungua nguvu zaidi ya breki nyuma kwa sababu kuna uzito wa kuikamata barabara. Gari likiwa tupu chesesi inapanda, vali inapunguza breki za nyuma ili tairi zisigande. Sasa huyo bwana, au aliyekuwa nayo kabla yake, aliongeza jani ili abebe kupita kiasi. Jani lilipoongezwa chesesi ikakaa juu hata na mzigo, vali ikadhani gari ni tupu, breki za nyuma zikawa dhaifu. Badala ya kuirekebisha fimbo ilingane na kimo kipya, akaifunga kwa waya kana kwamba limejaa muda wote. Ukikanyaga breki siku ya mvua, tupu, tairi za nyuma zinaganda kabla ya za mbele na gari linageuka kuangalia ulikotoka. Ukiwa na watoto wako kwenye kile kiti cha wima.

Raba zilizopondeka zinakwambia ilipakiwa hadi ekseli ikagonga chesesi, tena mara nyingi. Chesesi iliyopasuka nyuma ya kebini ni palepale inapojipinda ikizidiwa. Kuchomelea chesesi si dhambi, kuna namna yake ya kuweka bamba la kuimarisha. Ila anayepaka rangi mbichi usiku wa kuamkia kuonyesha gari, anajua anachokificha.

Pikapu si mbaya. Hiyo moja ndiyo mbaya. Endelea na daftari.

Nusu_Tani

Ongezea: simama nyuma yake hatua kumi, chuchumaa, tazama mwanya kati ya kebini na bodi, kushoto na kulia. Ukiwa mpana juu na mwembamba chini, au upande mmoja umezidi mwingine, chesesi imeshapinda.

Bomba_Sita

Wakuu nimerudi. Siku 30 zimetimia. Mke ameliita daftari la mashtaka.

Jumla kilomita 1,140, kwa pikipiki na magari ya kukodi pamoja. Kwa mwaka ni kama 13,700, chini kidogo ya zile za @Hesabu_Kwanza.

Siku 24 nilikwenda kazini. Sanduku la vifaa nimelipima kwenye mizani ya duka, na mashine ya kukata nyuzi ikiwemo: kilo 38. Nilikuwa naapa ni 80. Msaidizi ni mzito kuliko vifaa vyote. Siku 21 mkubwa alipelekwa shule, mara nyingi kwa gari la kukodi. Familia nzima pamoja, siku 8.

Mabomba marefu, siku 9. Kati ya hizo, siku 6 yaliletwa na duka pamoja na vifaa vingine, tatu niliyatafuta mwenyewe. Siku saba kati ya tisa yalikuwa ya plastiki. Matangi ya maji, manne, yote yaliletwa na duka. Hapa nimejifunza kitu: tangi tupu la lita 1,000 nalinyanyua na msaidizi bila jasho, halina hata kilo 30, ila haliingii kwenye saluni kwa dua yoyote. Kumbe tatizo la matangi ni unene. Saruji siku mbili, nyingi zaidi ilikuwa mifuko 6. Mchanga sijabeba hata koleo moja, mteja ndiye anayenunua. Barabara ya kunifanya nishike roho, maeneo matatu.

Nisiwafiche ya upande wa pili. Mara mbili duka lilichelewa kuleta, na mara moja nimepoteza nusu siku nimekaa juu ya ndoo, mteja ananitazama. Hiyo nusu siku haimo kwenye lita za mafuta, lakini niliisikia.

Hesabu_Kwanza

Kwa kilomita zako tofauti ni kama lita 390 kwa mwaka. Linganisha na kukodi pikapu siku tatu kila mwezi, uone ipi inakula zaidi. Na weka thamani kwenye ile nusu siku, usiipige chenga kwa kuwa haina risiti.

Kamba_Ngumu

Siku tatu kati ya thelathini. Nimenyamaza. Ila biashara ikikua je?

Mzee_wa_Klachi

Ikikua itanunua pikapu yake yenyewe. Sasa hivi ni yeye anayelisha biashara.

Bomba, mifuko 6 ya saruji ya kilo 50 ni kilo 300. Wewe na msaidizi mkiwa na kilo 145, umefika mwisho wa saluni. Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo kuna kibandiko chenye upepo wa tairi, gari likiwa jepesi na likiwa limejaa. Siku ya saruji jaza upepo wa kujaa, au beba mitatu urudi tena. Hiyo mitatu iweke karibu na mgongo wa kiti, usiisukumie mwisho wa buti.

MamaMizinga

Kaka, tafuta stesheni wagoni basi. Chini ni saluni ileile, viti vya nyuma vinalala, sanduku lako linaingia bila kuinama.

Bomba_Sita

Dada, wazo zuri, nimezunguka wiki nzima. Nilizoziona zilikuwa zimechoka kuliko saluni za bei hiyo, nadhani wenye sanduku kama langu ni wengi.

Nimeona saluni mbili. Ya kwanza inang'aa kama sahani, ndani inanukia manukato hadi macho yanawasha. Nikakumbuka kuna mtu aliandika uzi mwingine humu kuhusu mikanda. Nikakaa, nikauvuta mkanda wa dereva taratibu hadi ukagoma. Karibu nusu mita ya mwisho, ile ambayo haitoki kamwe ukiufunga, ilikuwa na mstari wa kahawia umenyooka kama umechorwa kwa rula. Chini ya mstari mkanda ni mkavu na mgumu, ukiukunja unaachia unga. Tope. Nikaingiza mkono chini ya kiti, bolti zina kutu nyekundu. Gari la rangi ya lulu, bolti za meli iliyozama. Muuzaji akasema ni vumbi la safari. Nikamshukuru.

Ya pili odometa inasema kilomita 62,000. Raba ya pedali ya breki imelika hadi chuma kinaonekana kwenye kona.

Mzee_wa_Klachi

Odometa hurudi nyuma, raba hairudi. Hiyo isikufukuze, hesabu tu kwamba imetembea sana, halafu uipime kwa hali yake. Uliikuta injini baridi?

Bomba_Sita

Niliweka kiganja juu ya boneti, ilikuwa ya moto. Alisema ametoka kuihamisha. Nikamwambia nitarudi kesho alfajiri na asiiguse. Hakufurahi, lakini nilipofika ilikuwa baridi na ina umande.

Iliwaka kwa mkupuo mmoja. Mlio wa cheni sekunde moja, ukakatika. Rejeta ikiwa bado baridi nikafungua, maji safi, hakuna mafuta yanayoelea. Mfuniko wa oili haukuwa na ule utando kama maziwa. Oili ya gia nyekundu iliyofifia, hainuki kuungua. Nikaweka D, nikaweka R, ikaingia bila kupiga teke. Bushi za mbele zinagonga kwenye matuta, na tairi mbili si kipara ila namba nne za pembeni zinaishia 14, maana yake ni za mwaka 2014. Zinapasuka vistari kama kisigino. Namba ya chesesi inalingana na ya kadi, herufi kwa herufi.

Nimeondoa bushi na tairi nne kwenye bei. Tumekubaliana.

Kiti_cha_Nyuma

Kiti cha mtoto umejaribisha?

Bomba_Sita

Nilikwenda nacho. Muuzaji alinitazama nakibeba mgongoni alfajiri ile, nadhani hapo ndipo alipoamua kushusha bei.

Kamba_Ngumu

Hongera mkuu. Kutoka moyoni, ingawa moyo wangu bado ni wa dizeli.

Bomba_Sita

Wiki ya tatu sasa. Jirani alikuja kuniuliza kama nitamsaidia kuhamisha kabati la milango mitatu. Nikamfungulia buti. Akalitazama, akanitazama, akaenda zake.

Nina swali dogo. Nimefunga keria mpya juu ya paa, pao mbili bapa. Mabomba ya plastiki kumi yamekaa vizuri, nimefunga mbele na nyuma kwa kamba hadi kwenye ndoano za kuvutia. Lakini nikirudi bila mzigo, nikifika spidi 80 inapiga mluzi hadi mdogo anaziba masikio.

Nusu_Tani

Upande mnene wa pao unaangalia wapi?

Bomba_Sita

Nyuma.

Nusu_Tani

Umezifunga kinyume. Upande mnene ukae mbele, mwembamba nyuma, kama bawa la ndege. Na ile raba ndefu ya kwenye mfereji wa juu umeirudishia au bado iko kwenye boksi?

Bomba_Sita

Iko kwenye boksi.